Mwiko Nilioutunga Mwenyewe

Mwanangu Somoe,

Ningeanza kwa kukujulia hali, lakini hali yako naijua. Umekwenda kwa bibi yako kuaga. Atakukalisha mpaka jua lipungue makali, atakufungia ufuta wa kukaanga kwenye kitambaa, halafu atalia na wewe utalia. Mimi nimebaki na nyumba. Nimefagia palipokwisha kufagiwa, nimehamisha mtungi kutoka kona hii kwenda kona ile bila sababu, na sasa nimekaa na kalamu yako uliyoisahau dirishani. Nataka nimalize kabla hujarudi, maana ukirudi nitaanza mizaha na neno lenyewe litapotea. Baba yako unamjua.

Mambo ya nguo, ya chakula na ya kujihadhari na vibaka pale stendi ya Masasi ameshakueleza mjomba wako Issa, na kwa kuwa ndiye anayekusindikiza, atayarudia njia nzima mpaka Tunduru. Sina la kuongeza huko. Mimi nina jambo moja tu, na jana lilinishinda kulisema.

Jana nilikukuta unatoa nguo kwenye begi na kuzirudisha kwenye kamba. Nikakuuliza kulikoni. Ukasema huendi tena, chuo kitakuwepo hata mwakani. Nikadhani ni woga wa ugeni, nikaanza kukutania, nikasema walimu wa Songea hawali watu. Ndipo ukanijibu ukiwa umenipa kisogo: "Mimi ndiye niliyevunja mwiko, baba. Nikiondoka, nani atakutazama?"

Nikatoka nje. Najua ulidhani nimekasirika, kwa sababu ulizirudisha nguo zote kwenye begi na chakula hukula. Sikukasirika. Nilikwenda kusimama nyuma ya nyumba ili usinione uso. Umebeba kitu hicho tangu ukiwa na miaka kumi, tumekula sahani moja siku zote hizo, na mimi sikujua.

Nitakueleza toka mwanzo, lakini kwanza nikupe jibu lako lisije likachelewa tena. Hukuvunja kitu, Somoe. Hapakuwa na mwiko. Niliutunga mimi.

Unajua kwamba nilivuka Ruvuma nikiwa mtoto, mkono mmoja umeshikwa na mama yangu, vita ya Wareno ikiwa nyuma yetu. Hilo nimekusimulia kama hadithi, na nilikuwa naweka vichekesho vya kuku tuliyemficha kwenye kapu akawika. Nisichokusimulia ni kwamba tangu siku zile sikulala tena kama watu wanavyolala. Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa akinicheka. Alisema nalala kama sungura, masikio nje. Nilicheka naye, lakini ilikuwa kweli. Lori likibadilisha gia mlimani nilikuwa nimeshakaa kitako, jasho linanitoka, moyo unapiga kama umetoka kukimbia. Mchana nilikuwa mtu wa watu. Hakuna aliyejua ila yeye.

Alipofariki ulikuwa na miaka sita. Nikabaki na wewe, na kazi ya msimu pale Nachingwea mjini, kwenye ghala la ufuta. Tulikuwa tunapanda ubao na magunia kupakia lori. Siku moja ubao ulicheza. Sikuanguka. Watu walinisifu kwamba sikuanguka, lakini kule kujizuia ndiko kulikonipasua kiunoni, na kuanzia hapo mgongo haukuwa wangu tena.

Nilikwenda hospitali, nikapewa vidonge, nikapigwa picha, nikaambiwa mfupa ni mzima. Kuambiwa u mzima na huku huwezi kuinama kuvaa ndala ni jambo la upweke sana, mwanangu. Mtu unaanza kujihisi muongo. Nikaenda kwa mganga mmoja kule Mtua, mzee mpole tu, akanipa mizizi na miiko yake: nisile chumvi, nisisalimie mtu kabla sijanawa uso, dawa asiione mtu wa nje. Sikupona, ila nilitoka na fundisho moja, kwamba kitu kikiwa na mwiko watu hawakihoji. Wanakaa mbali. Fundisho hilo nilikuja kulitumia vibaya.

Sasa Mama Nirmala. Wewe unamkumbuka kwa biskuti zake, lakini alikuwa mke wa Mhindi mwenye ghala, na alikuwa mgonjwa kuliko mimi. Viungo vilimvimba. Watoto wake wote walikuwa wamekwenda kuishi Ulaya, na alipokuwa akiwataja alikuwa anashika kifua kama mtu anayezuia kitu kisitoke. Nilikuwa nimeshahamishiwa kwenye mizani, kwa kuwa kubeba nilishindwa, na hata hapo mizanini nilikuwa nasimama nimeinamia upande. Akanitazama asubuhi moja akasema:

"Saidi, zamani wewe nabeba gunia. Sasa gunia nabeba wewe. Njoo huku nyuma."

Huko nyuma ya magunia alikuwa na mkeka, mablanketi mawili, kiti kimoja na mto wa sufi. Akaniambia anachofanya kinaitwa yoga. Neno hilo nilikuwa nimelisikia redioni, nikadhani ni mchezo wa kujikunja kama chatu. Nikamwambia, mama, mimi hata kuinama siwezi. Akacheka mpaka akakaa.

"Hapana sarakasi. Hii yoga ya mtu mgonjwa. Wewe nalala, basi."

Na kweli nililala. Akaniambia nijilaze chali, miguu juu ya kiti, magoti yamekunjwa, blanketi limekunjwa chini ya kichwa. Akaniwekea kitambaa machoni. Mikono wazi, viganja vinatazama juu. Akasema nisivute pumzi kwa nguvu, nivute ya kawaida, ila wakati wa kuitoa niitoe polepole kama ninayepuliza uji wa moto. Na akasema kitu kimoja kingine: "Ikiuma, toka. Hapa hapana sifa ya kuvumilia." Maisha yangu yote nilisifiwa kwa kuvumilia. Nililala pale, nikipuliza uji usiokuwepo, na bila kufikiri chochote cha huzuni nikaanza kulia. Machozi yakaniingia masikioni. Yeye alikuwa amelala upande wa pili wa magunia, anapuliza uji wake.

Baadaye alinifundisha mengine. Kuweka miguu juu ukutani, makalio karibu na ukuta, na gunia lililokunjwa chini ya kiuno. Kupiga magoti na kulalia tita la mablanketi kwa kifua, shavu upande, kama mtoto aliyebebwa mgongoni kwa kanga. Kukaa humo mpaka mwili wenyewe ukubali. Hakuna aliyenivuta wala kunikunja. Sikupona, nikuambie ukweli, na mgongo unauma hata sasa ninapoandika. Lakini kwa mara ya kwanza nilijua kwamba maumivu yanaweza kukaa upande mmoja na mimi nikakaa upande mwingine, tusigombane. Na usiku wa siku ile ya kwanza nililala mpaka jogoo wa jirani akachoka kuwika.

Hapo ndipo ningesimama kwa shukrani na kwenda nyumbani kukuonyesha. Ungepanda ukutani na wewe, ungeanguka, tungecheka. Badala yake niliogopa.

Nilimwogopa mjomba wako. Kwa desturi ya huku mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Mimi hapa Lionja ni mtu wa kuja. Sina kaka, sina mjomba wangu mwenyewe wa kunisemea, ndugu zangu wako ng'ambo ya mto na wengine hata makaburi yao siyajui. Nilihesabu mambo yangu: nimefiwa na mke, mgonjwa, shamba lina majani, na sasa nionekane mchana, wakati wa palizi, nimelala sakafuni miguu ukutani na kitambaa usoni? Nilijua wangesema amechanganyikiwa, mchukueni mtoto. Ilikuwa hofu ileile ya Ruvuma, ila safari hii haikuwa na Wareno, kwa hiyo ilivaa sura ya shemeji yangu ambaye hakuwa amenikosea lolote.

Basi nikafunga mlango kwa komeo. Na wewe uliponiuliza ninafanya nini humo, nikatoa yale niliyojifunza Mtua. Nikakuambia ni dawa, na dawa hii ina mwiko. Mtu asiione, mtu asiambiwe. Ukisema, mgongo utarudi vibaya kuliko mwanzo. Mtu akija, sema baba yuko shamba.

Ulikuwa na miaka minane. Ulitikisa kichwa kwa heshima, ukachukua mtoto wako wa bandia wa gunzi la muhindi, ukaenda kukaa kizingitini. Wenzako walikuita ukacheze rede, ukawaambia huwezi. Nilikuwa nawasikia. Nilijiambia mtoto wangu ana utii. Hata leo sielewi nilikuwa na masikio ya namna gani, yaliyosikia lori la mlimani na yasimsikie mtoto anayekaa kimya nyuma ya ubao wa mlango.

Siku aliyokuja mjomba wako unaikumbuka, lakini unaikumbuka ukiwa nje. Nikusimulie ya ndani.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimepandisha miguu. Nikamsikia akibisha hodi, kisha sauti yako: "Baba hayupo, yuko shamba." Akasema, "Basi nitamsubiri." Akakaa. Nikasikia kisu, alikuwa anakumenyea muwa. Mkatafuna muda mrefu. Mimi sikuthubutu kushusha miguu, kwa kuwa visigino vyangu vingekwaruza ukuta na mngesikia. Halafu akauliza taratibu, "Somoe, mbona mlango umefungwa kwa ndani?"

Ukaacha kutafuna. Kisha ukaanza kulia, na ukasema maneno ambayo nayasikia mpaka leo.

"Mjomba, usimwambie mtu. Baba anajifunza kufa. Analala chali, anafunika uso. Mimi nasikiliza kama bado anapumua."

"Nani kakwambia hivyo, mwanangu?"

"Mama alilala hivyohivyo."

Kumbe ulikuwa umechungulia. Kumbe kila siku uliyokaa pale hukuwa unanilindia siri, ulikuwa unahesabu pumzi zangu. Na nilikuwa nimelala ndani, mita mbili kutoka kwako, nimetulia kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu, na utulivu wangu wote ulikuwa umebebwa na mtoto wa miaka kumi.

Ningefungua mlango. Ndiyo maana naandika haya yote, ili nikuambie kwamba ningeweza kufungua, komeo lilikuwa karibu, mgongo siku ile ulikuwa unaniruhusu. Sikufungua. Nilibaki na miguu juu mpaka mjomba wako akasema twende kwa bibi ukale, na nyayo zenu zikapotea njiani. Nikakaa pale nikingoja waje kuniambia hukai tena na mimi.

Ulirudi jioni peke yako. Mtu mwingine angekushika mkono. Mimi nilikuuliza swali moja tu: "Kwa nini ulisema?"

Halafu nikaacha. Nikarudisha mablanketi kitandani, nikamwambia Mama Nirmala nina kazi nyingi, nikaacha kabisa. Niliacha kwa aibu, Somoe. Na kwa kuwa niliacha, mgongo ulirudi, tena ulirudi na hasira, na usiku ukarudi kuwa kama zamani. Nikawa mtu wa kufoka. Nilikufokea kwa sufuria, kwa mbuzi wa jirani, kwa mvua. Wewe ulijumlisha mwenyewe: nilisema, na baba akaumwa. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa kwa namba nilizokupa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kifo kilinisubiri, aliyeniumbua ni mwanangu, na nikamwadhibu.

Ilipita miaka kama mitatu hivi. Mama Nirmala alifiwa na mumewe, watoto wakamwita, ghala likafungwa. Nilikwenda kumuaga. Akaniona nilivyokuwa natembea, akaniuliza kama bado nalala. Nikamwambia hapana, mwiko ulivunjika. Nilishasema uongo huo mara nyingi hata mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuuamini, na hapo ndipo ujue mtu anaweza kufika wapi. Akanitazama kama niliyemtukana.

"Mwiko gani? Nani nakupa mwiko? Mimi nasema neno moja tu, usiumie."

Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba yeye anakwenda kwenye nyumba ya mwanawe ambako atakuwa na chumba chake na atalala mkeka wake, lakini hatakuwa na mtu upande wa pili wa magunia. Nilimsaidia kufunga kamba sanduku. Hatukuonana tena.

Tangu hapo nilianza upya, na mpaka leo sijaacha. Nafanya alfajiri, kabla hujaamka, maana sikuwa na ushujaa wa kukueleza. Nilidhani hujui. Lakini kila Idi inapokaribia unapaka chokaa chumba changu, na kila mara unaanzia pale ukutani penye alama za visigino, unapasugua kwanza, unapaka mara mbili, na huniulizi. Mimi nilikuwa nakuona, nawe ulikuwa unaniona ninakuona. Tumeishi hivyo, watu wawili wenye adabu kupita kiasi.

Sasa nikuambie ya leo asubuhi. Ulipokwenda kisimani nilikaa na mjomba wako, nikamweleza yote, tangu komeo mpaka swali nililokuuliza. Akasikiliza huku anasafisha meno. Nilipomaliza akatema, akaniambia kwa jina letu la kishemeji:

"Mlamu, siku ile nilikusikia unapumua. Mtu anayekufa hapumui vizuri vile."

Nikamuuliza, kwa hiyo ulijua nimo ndani? Akasema alijua tangu alipoona ndala zangu mlangoni. Nikamuuliza alikuwa amekuja kunichukulia mtoto? Akashangaa kweli, akashusha mswaki.

"Nimpeleke wapi? Kule Mandawa nilikuwa nao sita, ndani hamtoshi. Nilisikia mgongo umekukamata, nikaja kukuuliza tuje lini kukupalilia mikorosho. Mtoto akanambia hupo, na kutokuwepo kwako nikakuheshimu."

Alikuja kunisaidia, mwanangu. Alikaa kizingitini kwangu na msaada mdomoni, akamenya muwa, akaondoka nao. Nililia mbele yake, naye akajifanya anatazama kuku.

Sikuandikii haya ili unihurumie. Naandika kwa sababu naona umeanza kufanana na mimi mahali ambapo nisingependa ufanane. Mwaka juzi, kabla ya mtihani wa kidato cha nne, nilikukuta umeshika mwimo wa mlango unasema hewa imeisha. Nilikupa maji. Nilijua kabisa kile ni nini, ninakijua kuliko jina langu, na nikakupa maji. Na usiku ninapokohoa nasikia kitanda chako kikilia, najua umeinua kichwa kusikiliza.

Kikikujia huko chuoni, usikitukane na usikikimbie. Lala chini. Sakafu yoyote inatosha. Weka miguu juu ya kitanda au kiti, funika macho kwa kanga, na ile pumzi ya kutoka uipe muda wake. Hakitaondoka kwa kuwa umekiamrisha, kitaondoka kwa kuwa hakikupata wa kushindana naye. Siku nyingine hakitaondoka kabisa, na hiyo pia ni siku, itapita. Ikiuma, toka. Na wenzako wa bwenini waambie tangu mwanzo unafanya nini. Watakucheka, hasa hao wa Dar, watakuita jina. Waache wacheke, na mmoja wao atakuja kukuuliza pembeni umlalishe na yeye. Usifunge mlango, Somoe. Mimi nililala vizuri nyuma ya mlango uliofungwa, na bei yake ulilipa wewe.

Limebaki swali lako la jana, nani atanitazama. Nimelifikiria tangu ulipotoka. Mjomba wako amesema atapita siku za mnada, na ametaka nimwonyeshe ile ya miguu ukutani, anadai nyonga inamsumbua. Bibi yako ni mzee, atanitumia watoto wa jirani na maneno yake makali. Lakini siku nyingi hakuna atakayenitazama. Sitakudanganya tena, hata kwa wema. Mchana huu huu nimekuita uniletee kiberiti. Nimekuita kwa sauti kabisa, nikangoja, kisha nikakumbuka. Nikakaa na sigara haijawashwa. Itakuwa hivyo mara nyingi, nafikiri, na jioni ndiyo itakuwa mbaya zaidi, saa ile ya kuwasha koroboi.

Upweke huo ni wangu. Ulikuwepo kabla yako, nilivuka nao mto. Haukuja kwa sababu ulisema neno kwa mjomba wako, na hautaondoka ukikaa hapa kusikiliza kifua changu mpaka nywele zako ziwe nyeupe. Nilikutwika kazi ambayo si ya mtoto, na leo naichukua. Hukukosea ulipolia pale kizingitini. Ulikuwa peke yako na hofu kubwa, ukamwambia mtu mzima unayemwamini. Hicho ndicho nilichopaswa kufanya mimi, na kimenichukua mpaka leo asubuhi.

Nasikia watu wanasalimiana njiani, pengine ni wewe unarudi. Barua hii nitaiweka juu ya nguo zako, uione ukifungua begi. Kama utaisoma leo, usije kunizungumzisha, tutalia wote na mjomba wako atakosa pa kutazama. Ukiisoma huko, jua kwamba nilisimama pale stendi mpaka vumbi likatulia, halafu nikarudi nyumbani, nikala.

Nitakukumbuka sana, mwanangu. Nitakukumbuka mpaka nione aibu mbele za watu. Kumkumbuka mtoto kunauma, na mimi nimekwisha kujifunza kukaa na kinachouma. Hakutaniua. Nenda ukasome.

Baba yako,
Saidi